KUTUNZA FEZA YA NYUMBA: MANENO KWA WACHIMBAJI NA WATU WA MJI

(Haya ni maneno yaliyosemwa Butembo mbele ya wachimbaji wa zahabu, mama wa soko na watu wa mji. Tunayapiga chapa kwa ajili ya wandugu wa Beni, wa Lubero na wa machimboni ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya kutunza feza ya nyumba. Najua wengine wenu mmecheka mliposikia habari hiyo. Mmesema: "Feza gani ya kutunza? Atufundishe kwanza namna ya kuipata." Ni neno la haki. Mtu asiye na kitu hafundishwi kujibana, amekwisha kubanwa. (Kicheko.) Sikuja kuwaambia mle kidogo. Nimekuja kuuliza maswali mawili tu. Feza ile ndogo inayoingia mlangoni, inatokea mlango gani? Na inayobaki, inalala wapi? Kwa maana katika inchi yetu feza ya mtu wa kazi inapotea mara mbili: mara ya kwanza kidogo kidogo, sokoni na dukani, mara ya pili yote pamoja, siku moja, kwa sababu iliwekwa mahali pabaya.

Nianze na wachimbaji, sababu wao ndio walioketi mbele.

Ndugu anayekwenda Manguredjipa anaweza kumaliza majuma mengi shimoni bila kuona chembe. Wakati huo wote anakula. Chakula kinafika kule juu ya pikipiki na kwenye migongo ya watu, tena kwa njia mbaya, kwa hiyo bei ya mchele wa machimboni si bei ya Butembo. Hana feza, basi anakula kwa deni, na mwenye duka anaandika katika daftari. Siku mwamba unapotoa, anayekula wa kwanza ni daftari lile. Wa pili ni mwenye shimo. Wa tatu ni bia ya usiku ule. Mama wa nyumba, aliyebaki Butembo na watoto, anapata habari kwa simu kwamba zahabu imetoka, kiisha anangojea siku tatu, na kinachofika hakitoshi kununua gunia la makala.

Watu wanasema kosa ni la bia. Bia ina sehemu yake, sikatai. Lakini mimi naona daftari la deni linakula kuliko chupa. Mtu anayekunywa anajua amekunywa. Mtu anayekula kwa deni hajui bei ya kile anachokula mpaka siku ya kulipa, na siku ile hana nguvu ya kubishana.

Basi, wachimbaji kumi wa shimo moja, kabla ya kuondoka mjini, wanaweza kuchanga na kununua hapa Butembo gunia la mchele, gunia la maharagwe, bidoni ya mawese na chumvi, na kumlipa mwenye pikipiki mmoja kwa mzigo wote. Najua si kila mara feza ya kuchanga ipo. Lakini hata nusu ya chakula ikitoka mjini, daftari la kule linabaki na nusu.

Na jambo la mizani. Bado kuna machimbo ambako zahabu inapimwa kwa njiti za kibiriti na kwa vipande vya feza za zamani, kisha inahesabiwa kwa tola. Tola ni gramu 11 na sehemu ya 66 kwa mia. Uliza vijana kumi, utaona ni wangapi wanaoijua hesabu hiyo, lakini mnunuzi anaijua. Mtu anayejinyima sukari nyumbani na kupoteza nusu gramu juu ya mizani ya mwingine anafanya kazi ya bure. Nunueni mizani ndogo ya kwenu, ya watu wa shimo zima, mpime kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Hata akikataa kuifuata mizani yenu, mtajua amewakata kiasi gani.

Hapa nataka kusema neno moja la pembeni. Zamani za Wabeleji wakubwa wa kazi walipenda kusema kwamba mtu mweusi hajui kuweka akiba, ya kwamba akipata leo anakula leo. Tulisikia maneno hayo mpaka wengine wetu tukayaamini. Lakini ni nani aliyekuwa akivuka Ziwa Edward kufuata chumvi ya Katwe, na kuipandisha milimani kuiuza, kabla Mzungu hajafika? Ni wazee wa Wanande. Biashara ya namna ile haifanywi na mtu anayekula yote leo. Na mji huu wa Butembo, uliokuwa kituo cha Minière des Grands Lacs, nani aliufanya kuwa mji wa biashara ambao mwaka 2003 ulipewa cheo cha ville? Chuo kikuu cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Kataliko, hakikungojea feza ya Kinshasa. Sisi si watu wasiojua kuweka. Ni watu ambao akiba yao imeharibiwa mara nyingi, na nitaeleza.

Lakini kwanza tuingie jikoni.

Mama zetu, mnajua kuliko mimi kwamba maskini ananunua kwa bei kubwa kuliko tajiri. Tajiri ananunua gunia la makala, maskini ananunua kifuko. Tajiri ananunua mawese kwa bidoni ya litri 20, maskini anapimiwa kwa kikombe. Sabuni inakatwa vipande, sukari inauzwa kwa kijiko. Hesabuni wenyewe jioni hii: vifuko vingapi vinatoka katika gunia moja la makala? Zidisheni mara bei ya kifuko kimoja. Kile kinachozidi bei ya gunia ndicho mnachomlipa muuzaji kwa sababu tu hamkuwa na feza yote asubuhi. Simlaumu, naye ana watoto. Lakini nyumba tano za barabara moja zinaweza kununua gunia moja pamoja na kuligawa. Mtaniambia ugomvi utaingia. Utaingia ikiwa hakuna sheria. Sheria ni fupi: anayegawa mafungu ndiye anayechukua fungu lake mwisho. (Kicheko, makofi.)

Kwa maharagwe, tazameni majira. Milima yetu inavuna mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa mwaka na mwezi wa kwanza, tena kati ya mwezi wa 6 na wa 7. Wakati ule bei inashuka. Anayeweza, anunue ya miezi miwili au mitatu. Mtasema wadudu watayala. Maharagwe yaliyokauka vizuri juani, yakijazwa katika bidoni safi na kavu mpaka juu kabisa, na kifuniko kikafungwa sana, wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa hewa. Lakini bidoni isifunguliwe kila siku. Tieni ya kula katika chombo kingine.

Maharagwe hayohayo yanakula makala kuliko chakula chochote. Yaloweshwe usiku kucha, asubuhi yaoshwe, yapikwe kwa chungu kilichofunikwa. Yakisha kuchemka vizuri kwa muda, wako mama wanaoondoa chungu motoni na kukiweka katika kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na nguo za zamani, wanafunika, na maharagwe yanaendelea kuiva yenyewe bila moto. Jaribuni. Mbabula ya bati tupu inatupa moto pande zote. Iliyo na udongo ndani inashika moto. Na makala yaliyobaki yakiwaka baada ya kupika yasiachwe yafe kuwa majivu: yatieni katika mkebe wa bati wenye kifuniko, yatazimika, na kesho yatawaka tena.

Nani kati yenu hakuona bei ya makala ikipanda? Miti ndiyo sababu, pamoja na barabara. Tangu mwaka 2007 kazi ile iliyoitwa EcoMakala iliwasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala ili watu wasiingie kukata katika Parki ya Virunga. Mwenye kipande cha mlima kisichofaa kulima, apande mikaratusi. Ni akiba nzuri kuliko nyingi nitakazozitaja, ingawa inataka miaka.

Sasa nisikilizwe vizuri, sababu hapa ndipo wengi wanakosea. Baba wa nyumba akisikia "tujibane", mahali pa kwanza anapopunguza ni chungu cha watoto. Anaacha simu yake, viatu vyake na bia ya siku ya mshahara, anaondoa ndakala katika mboga. Huko si kutunza feza! Sisi wa Kivu tunaujua ugonjwa wa bwaki. Tunaziona nywele nyekundu na miguu iliyovimba. Mtoto wa bwaki mara nyingi hakukosa chakula, alikula bugali kila siku. Alikosa maharagwe, samaki, yai. Kuna nyumba upande wa Beni zenye kakao nzuri na kuku watano, na mayai yote yanakwenda sokoni ili kununua sukari na soda. Uzeni yai moja, mpeni mtoto la pili. Siku za hospitali zitakula feza kuliko mayai ya mwaka mzima.

Na sabuni ni vilevile. Tuliokuwa Beni na Butembo tangu mwezi wa 8 wa 2018 mpaka mwezi wa 6 wa 2020 tulifundishwa na Ebola maana ya ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Ugonjwa ule ulikwisha, ndoo zikaondolewa, na kuhara kukarudi. Tena chandarua: wengine wamekifanya uzio wa kuku. Kuku hapati malaria, wandugu. (Kicheko.)

Mama wa soko, kwenu nina neno moja tu. Mtaji si feza ya nyumba. Mama anauza nyanya, jioni anachukua humo ya chumvi, ya makala, ya dawa ya mtoto, na siku ya nne anakwenda kununua nyanya na kuona mtaji umepungua nusu. Hakuibiwa. Alikula mbegu. Shoneni mifuko miwili katika kitenge: mmoja wa mtaji, mmoja wa faida. Kinacholiwa nyumbani kitoke katika ule wa faida, hata kama ni kidogo. Na baba asiushike mfuko wa kwanza kabisa, hata akisema ni kwa siku mbili.

Juu ya arusi na matanga sitasema mengi, maana nitagombana na familia zote. Kulipa mbuzi za mahari kwa kadiri ya desturi ni heshima. Kukopa ili kukodi magari na watu wa picha ni jambo lingine. Mnaijua mikopo ile ya mjini inayoitwa banki lamberi. Unachukua dolari 20, baada ya mwezi unarudisha 30. Usipoweza, 30 inazaa tena. Mwalimu anaacha kadi yake ya mshahara kwa mkopeshaji, na mwisho wa mwezi anakwenda kuomba ruhusa ya kula mshahara wake mwenyewe. Sijaona nyumba iliyopata nguvu kwa mkopo ule.

Tufike sasa kwenye swali la pili: inayobaki ilale wapi? Hapa ndipo inchi yetu imetutesa.

Mwaka 1950 Wabeleji waliweka kasa ya akiba, ile tunayoiita CADECO, na wafanyakazi wengi wakapewa vitabu vyao. Mwaka 1967 ikaja zaire: moja ilikuwa franka 1,000 za zamani, sawa na dolari 2 za Marekani. Mtu mwenye zaire 100 alikuwa mtu. Kiisha, mwezi wa 12 wa 1979, wakati wa Noeli, serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Nani wa machimboni aliweza kufika banki kwa siku hizo? Feza iliyofichwa katika paa na katika udongo ikageuka karatasi ya kuwashia moto. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikafanya zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikafanya franka 1. Zidisheni wenyewe: zaire za zamani bilioni 300 ni franka moja! Na zaire ile ilianza ikiwa dolari mbili. Mzee aliyeweka kitabu chake vizuri tangu ujana, hakunywa, hakucheza kamari, alipata nini? Basi tusimcheke mtu anayesema akiba ni ujinga. Ana sababu zake.

Kwa hiyo watu wakakimbilia dolari. Ni vizuri, lakini dolari nayo ina ugonjwa wake. Iliyochanika kidogo inakataliwa, iliyochafuka inakataliwa, na ile ya moja watu wengi hawaitaki. Mtu anaweka dolari mia chini ya ardhi katika mfuko, baada ya mwaka unyevu umeingia, na mbadilisha-feza anampa 80, naye anafanya kama anamhurumia. Anayeficha noti nyumbani azitie katika chupa kavu yenye kifuniko, azilaze bila kuzikunja. Lakini mwizi na moto havitazami chupa.

Banki je? Mwisho wa mwezi wa kwanza wa 2025, vita vilipoingia Goma, banki za kule zikafungwa, na watu wenye feza yao halali katika kitabu wakakaa miezi bila kuishika. Na nyumba, shamba, mabati? Wandugu wa vijiji vya Beni wanaouawa na kufukuzwa tangu mwaka 2014, na wale waliotoka Kanyabayonga mwezi wa 6 wa 2024, wanajua kwamba shamba halipandi pikipiki. Mbuzi wanakimbia kidogo, lakini askari wa kila jina wanapenda mbuzi.

Basi mnaniuliza: tuiweke wapi? Mimi nasema hakuna mahali pamoja panapofaa, na anayewaambia pako anataka kuwauzia kitu. Igaweni. Kidogo katika simu, ya kukimbia nayo, na mke ajue namba ya siri kama mume anavyoijua. Kidogo katika kitu kinachozaa: mbuzi, miti, mtaji wa mama. Ya masomo ya mwezi wa 9 ianze kuwekwa mwezi wa pili. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazitakiwi kulipisha, lakini sekondari zinalipisha, na daftari na uniformi hazikuwa za bure hata siku moja. Na sehemu nyingine iwe kwa wenzenu.

Wengi mnaijua likirimba. Watu 12, kila mwezi kila mmoja anatoa dolari 10, na mmoja anapokea 120. Ni nzuri kwa kununua kitu kikubwa: mashini ya kushona, mabati. Ubaya wake ni huu: aliyepokea wa kwanza anaweza kutoroka, na anayeugua mwezi wa tatu hawezi kuruka zamu.

Kwa hiyo mimi napenda zaidi sanduku. Namna hii shirika la CARE liliianza na wanawake wa Niger mwaka 1991, na leo iko katika vijiji vingi vya Kivu kwa jina la AVEC. Watu 15 mpaka 25 wanaojuana. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Kila juma kila mmoja ananunua sehemu, tangu moja mpaka tano, bei mnaipanga wenyewe, na alama inapigwa katika kitabu chake mbele ya wote. Sanduku halifunguliwi ila mkutanoni. Anayetaka mkopo anaomba mbele ya wote, anarudisha na faida ndogo, na faida ile haiendi kwa mkopeshaji wa banki lamberi, inabaki sandukuni. Pembeni kuna feza nyingine ya kusaidiana katika ugonjwa na kifo. Baada ya miezi 9 au 12 mnagawana yote, kila mtu kwa kadiri ya sehemu zake, mnaanza upya.

Kugawana kila mwaka kunanipendeza kuliko yote, kwa sababu ya yale niliyosema juu ya zaire. Feza haikai sandukuni muda mrefu hata ikaoza. Pangeni mwaka wenu uishe mwezi wa 8, kabla ya shule kufunguliwa, au wakati wa mavuno, ili ile iliyogawanywa iingie moja kwa moja katika maharagwe. Na ikiwa mnakaa mahali penye hatari, gawaneni kila miezi 6. Feza kubwa ikitoka kwa mkopo, sanduku linabaki karibu tupu, na mwizi anavunja kufuli tatu kwa kupata vitabu. (Kicheko.)

Wachimbaji wataniambia hawaketi mahali pamoja. Ni kweli. Basi mke awe ndani ya sanduku la barabara yake, na ninyi kule machimboni mkubaliane na mnunuzi kwamba sehemu ya nyumbani inatumwa kwa simu palepale mbele ya mizani, kabla mtu hajaondoka. Wako vijana wanaofanya hivyo tayari. Wanaitwa wachoyo na wenzao.

Wale wanaotaka kuandikisha majina yao wabaki. Tutaanza na watu 20 wa barabara hii, nusu wanawake. Sitaandika jina la mume bila mke wake kuwapo, na wale wenye deni la banki lamberi wasione haya kusema, maana tutataka kulijua deni lenyewe kabla ya kumpa mtu ufunguo.